Mintarafu ya Santuri na Nakala Zake

Tangu mwaka 1928, Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Unguja, alipovuka bahari kwenda Bombay kuimba katika sahani za His Master's Voice, waimbaji wa pwani yetu wameacha sehemu kubwa ya fani yao katika sahani nyeusi zizungukazo mara 78 kwa dakika. Na kwa kuwa sahani hizo hazichapwi tena, na zilizosalia huvunjika na kuchakaa mwaka hadi mwaka, suala lililo mbele ya kila aliye nazo ni kama azipige katika gramafoni kama zilivyo, au azinakili katika kanda, sidii au kompyuta. Wapenzi wa santuri hunena kwamba nakala haina roho, na wapenzi wa nakala hunena kwamba santuri ni mikwaruzo mitupu. Walakini kwa rai yangu wote wamelipita jambo lililo kubwa zaidi, nalo ni kwamba kila nakala huzaliwa na sindano ipitayo katika sahani, na sindano hiyo ikikosea, hapana chombo cha baadaye kiwezacho kurudisha kilichokosekana.

Amma sindano yenyewe, kazi yake ni kuzisoma kuta mbili za mchirizi ambamo sauti imechorwa. Mchirizi wa sahani za 78 ni mpana, nao huhitaji ncha yenye nusukipenyo cha takriban sehemu 3 za elfu za inchi, ilhali sahani za muda mrefu, zilizotolewa na Columbia huko Marekani mwaka 1948, huhitaji ncha ya sehemu 1 au pungufu. Atiaye sindano ya hizi katika zile huiona ikitumbukia hadi chini na kuparuza uchafu uliolala humo, wala isizishike kuta sawasawa. Fundi mwenye maarifa huwa na sindano za vipimo kadha wa kadha, na mahali ambapo vyuma vizito vya gramafoni za mkono vimekwisha kuula ukuta kwa kimo kimoja, yeye huchagua ncha nene kidogo au nyembamba kidogo, iguse kimo kingine ambacho bado ni kizima. Kadhalika, maadamu sahani hizo zina sauti ile ile katika kuta zote mbili, huunakili kila ukuta peke yake, kisha akalinganisha na kuuchagua uliojeruhiwa kidogo.

La pili ni mwendo, kwa kuwa si kila sahani ihesabiwayo kuwa ya 78 ilikatwa kwa mizunguko 78 kamili. Iliyokatwa kwa mizunguko 80, ikipigwa kwa 78, hushuka karibu robo toni, na wimbo wa dakika 3 hurefuka kwa sekunde 4 na zaidi, hata sauti ya mwimbaji ikawa nzito kuliko alivyojaaliwa. Udi na fidla hutiwa sauti kwa sikio la mpigaji, hivyo haviwezi kuwa hakimu peke yake. Sharti fundi azilinganishe nyimbo zilizorekodiwa katika kikao kimoja kabla ya kukata shauri.

La tatu, na ndilo lisahauliwalo zaidi, ni usawazishaji. Wakati wa kukata sahani, sauti nzito hupunguzwa ili mchirizi usiuvamie wa jirani, na katika sahani za baadaye sauti nyembamba huongezwa ili ziushinde mvumo. Upigaji nao hutakiwa kuyarudisha yote mahali pake. Hadi mwaka 1954, ulipotokea utaratibu wa RIAA, chama cha kampuni za santuri za Marekani, kampuni zilikuwa na vipimo vyao mbalimbali. Amplifaya za leo hufuata RIAA, ambayo kwenye hezi 10,000 hupunguza karibu desibeli 14. Basi sahani ya 1928, ambayo sauti zake nyembamba hazikuongezwa kiasi hicho, ikipitishwa humo, mwimbaji husikika kama aliye nyuma ya pazia.

Yakisha kutimizwa hayo matatu, habari ya chombo cha kunakilia ni nyepesi. Kanda huongeza mvumo wake katika kila nakala ya nakala, na MP3 hutupa sehemu ya sauti ili faili iwe ndogo. Sidii, yenye biti 16 na sampuli 44,100 kwa sekunde, yatosha kwa kusikiliza. Lakini kwa hifadhi, IASA, chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti, hutaka zisipungue biti 24 na sampuli 48,000. Nakala ya kwanza iachwe na mikwaruzo yake yote, kwani programu za kusafisha, zikitumiwa kwa pupa, huondoka na herufi za "s" na "sh" kinywani mwa mwimbaji, na mguso wa mpiga udi.

Hukumu yangu, basi, ni hii: sahani ya zamani ipigwe kwa uangalifu ili inakiliwe, na masikio yastarehe kwa nakala, kwa maana kila mpigo hula kidogo ya ukuta usioweza kujengwa tena. Nawe msomaji uliye na sahani za wazee wako, usizisafishe kwa spiriti, kwani huyeyusha shelaki. Usizitupe baada ya kuzinakili. Na kila nakala uiandikie sindano, mwendo na usawazishaji uliotumika, ili ajaye baada yako ajue alichopewa.