Siti Hupimwa Mferejini

Nimeikuta Harrier moja pale Msamvu, Morogoro, imezungukwa na watu, kila mtu anaisifia. Siti za leza nyeusi, uzi mwekundu, mishono ya almasi kuanzia kalio mpaka kichwani, na swichi ya hita pembeni ya gia. Mwenyewe kazishona nyumbani akisaidiwa na shemeji yake. Nikakaribishwa nikae, nikakaa, nikashuka. Kazi ile ni mbovu, na wanaoisifia hawajui wanatazama nini.

Yasiyo na mjadala kwanza. Uzi mwekundu juu ya leza nyeusi ni ushamba. Gari ya kazi haivai rangi ya maziwa. Almasi pana kuliko kiganja ni za kochi. Sponji ya godoro si sponji ya siti: ukikandamiza kwa goti ukagusa fremu, ondoka. Bega la kulia la siti ya dereva, linalosuguliwa kila anaposhuka, linataka kipande chake peke yake. Aliyeliunganisha na kalio alikuwa anabana leza.

Sasa mfereji. Asiyejua hupapasa mgongo wa siti na kuhesabu mishono. Hapeleki kidole kwenye ile mistari inayozama, pale kalio linapoachana na mabega yake. Kava la haki limeshonewa mfuko mwembamba kwa ndani. Ndani ya mfuko umepita waya, na waya huo umevutwa chini ukafungwa kwa vipete kwenye waya mwingine uliozikwa ndani ya sponji. Umbo lote la siti linatoka hapo. Fundi akivua kava la zamani huzitoa waya hizo moja moja, akazirudisha. Mlaghai huzitupa, akamimina gundi mferejini na kukandamiza. Siku ya kuchukua gari huoni tofauti. Iache ianikwe na jua la Kihonda mwezi Januari uone: gundi inaachia, mfereji unapanda, leza inakunjamana chini yako. Kwa hiyo ingiza vidole viwili, vuta juu. Waya ukigoma, umepata fundi. Leza ikikufuata mkononi, umeuziwa mto.

Hita ndiyo inayomuumbua mtu wa gundi. Mkeka wake hulala kati ya sponji na kava, na mfereji unataka kupita katikati. Anayejua hutafuta mkeka wa vipande viwili, au ulioachiwa nafasi na mtengenezaji, ili waya za kupasha zisikunjwe mferejini. Waya uliokunjika hukusanya joto mahali pamoja, mwishowe unachoma sponji. Halafu umeme: mkeka wa wati 50 kwenye volti 12 hunyonya zaidi ya ampea 4, na siti mbili ni maradufu. Unahitaji fyuzi yake, na relei inayokata gari ikizimwa. Shemeji aliunga kwenye waya wa redio.

Wala msicheke hita Morogoro. Cadillac walianza kuziuza mwaka 1966 na Saab wakafuata 1971, huko kunakoanguka theluji, lakini anayeshuka na karoti kutoka Nyandira saa kumi alfajiri mwezi Julai hahitaji theluji ili atetemeke.

Kulikuwa na mzee Mji Mpya, mkono wake umekomaa kwenye Peugeot 504 na Land Rover za serikali. Hakupokea salio mpaka gari ipande Kinole na kurudi. Ikirudi, alipitisha kidole mferejini kabla hajakusalimu. Chini ya leza aliweka turubai, enzi hizo likitoka kiwandani hapa hapa mjini. Leo kinachowekwa ukikiinua juani unamwona jirani. Vijana wake wawili walirithi cherehani. Subira, mzee ameondoka nayo.

Limebaki moja, nalo si la urembo. Siti nyingi za kisasa zina eabegi ubavuni, upande wa mlango, na kava la kiwandani hushonwa hapo mshono dhaifu kwa makusudi, upasuke eabegi ikilipuka. Kabla fundi hajashika mkasi, muulize ubavu huo ataushona kwa uzi gani. Akijibu kwa fahari kwamba ni ule mgumu kuliko wote, rudi nyumbani na siti zako kuukuu.