Kipimo Chenye Mashaka: Namna ya Kumsikiliza Mpigaji wa Klarineti

Ukitaka kumjua mpigaji wa klarineti, msubiri afike kwenye kipimo chenye mashaka. Skeli za kasi hazikuambii mengi, kwa kuwa vidole hufundishika. Karani wa kituo cha chai hapa Nyansiongo, Ugusii, haridhiki na majani ya juu ya kikapu. Hutumbukiza mkono hadi chini. Nawe tafuta pale alama ilipofifia, au pambo liliposongamana na noti, usikie kijana ameamua nini.

Anza na karatasi yenyewe. Nakala nyingi za mazoezi ni fotokopi ya fotokopi, na wino hafifu huifanya naturali ifanane na shapu. Tazama ncha: shapu ina mbili juu na mbili chini. Naturali ina moja inayopanda upande wa kushoto na moja inayoshuka upande wa kulia, basi. Wengi hupuliza mwaka mzima bila kuliona hilo.

Kisha kuna kanuni. Alama hutawala hadi mwisho wa kipimo, tena kwenye mstari au nafasi yake tu. Oktava nyingine haihusiki. Tao likiunganisha noti hiyo na mwenzake ng'ambo ya mstari, alama huvuka nayo. Ila wachapishaji wa zamani hawakuwa waaminifu sana kwa kanuni hii. Chukua zoezi la A maina: G ya chini ina shapu, halafu katika kipimo kilekile G ya juu haina kitu, nayo inapanda kwenda A. Kanuni inasema ni G ya kawaida. Sikio linasema ni G shapu, na mimi nitalifuata sikio karibu kila mara. Lakini ikiwa inateremka kwenda F, nitasita. Mpigaji mzuri naye husita, ila nyumbani, penseli mkononi, si mbele ya mtahini.

Hapa waimbaji wa kwaya, na Ugusii haina uhaba wao, wana silaha ambayo wenzao wa ala hawana. Katika solfa, fa ikipandishwa ni fe, so ni se, na ti ikishushwa ni ta. Huwezi kuimba mashaka. Lazima utamke irabu moja. Mwambie mwanafunzi akiimbe kile kipimo kabla ya kukipuliza. Akishindwa, alikuwa anabahatisha.

Kama anatumia mazoezi 32 ya Cyrille Rose, aliyefundisha Conservatoire ya Paris, yuko pazuri. Mengi Rose aliyatoa kwenye mazoezi 48 ya obo ya Franz Wilhelm Ferling, kwa hiyo yapo ya kulinganisha, mradi ukumbuke kwamba ufunguo huenda umebadilishwa. Ferling akiwa na alama ambayo Rose hana, huenda mchapaji alisahau. Huenda pia Rose aliiondoa makusudi. Ferling ni shahidi tu, hakimu ni mwendo wa wimbo.

Mapambo ndiyo huwafichua wengi. Ile alama iliyolala kama S ikiwa na flati juu yake, flati ni ya noti ya juu; ikiwa na shapu chini yake, shapu ni ya noti ya chini. Pasipo chochote, jaribu nusu toni kwa chini, kisha sikiliza kama inakaa. Noti ndogo iliyokatwa mkia hupita upesi. Isiyokatwa, kwenye muziki wa enzi ya Mozart, huegemea noti kubwa na mara nyingi kula nusu ya muda wake. Katika mazoezi ya baadaye wachapaji walizichanganya ovyo. Trili nazo: Hummel, katika kitabu chake cha piano cha 1828, tayari alitaka zianzie noti yenyewe. Anayeanzia juu kila mahali, hata kwenye zoezi la miongo mingi baadaye, amekariri kanuni ya watu wengine.

Na shuku sana uamuzi unaovipendelea vidole. Kutoka A ya koo la klarineti kwenda B flati ni kuongeza kidole gumba. Kwenda B naturali ni kushusha karibu vidole vyote kwa pamoja. Alama ikiwa haisomeki na kijana akapiga B flati bila kupepesa, mwombe aipige na ile nyingine, kisha akuambie ipi inaelekea kwenye noti inayofuata.