Kaharabu, Sandarusi na Ambari: Tahakiki ya Lugha ya Makumbusho

Miongoni mwa kazi ambazo wafasiri hupewa kwa haraka, na kuzimaliza kwa haraka zaidi, ni maelezo mafupi yanayobandikwa kando ya vitu vya makumbusho. Hudhaniwa kwamba mistari mitatu au minne haihitaji utafiti. Maoni yetu ni kinyume cha hayo. Msomaji wa kitabu akikutana na neno baya aweza kusahihishwa na ukurasa unaofuata. Mtazamaji wa makumbusho hana ukurasa wa pili. Hukiona kitu, husoma jina lake, kisha huondoka na vyote viwili.

Tuanze na mfano wa mbali. Katika mji wa Palanga, Lithuania, pana makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1963 kwa ajili ya kitu kimoja tu, nacho ni utomvu wa miti ya kale uliogeuka kuwa kito cha rangi ya asali. Utomvu huo wa pwani ya Baltiki una umri wa miaka ipatayo milioni 40, na vipande vingine vina wadudu walionaswa ndani yake. Wenyeji wana kisasili chao: mungu wa radi alilivunja jumba la malkia wa bahari, na vipande vyake ndivyo vitupwavyo ufukoni hadi leo.

Je, kitu hiki tukiiteje? Baadhi ya wafasiri huandika "ambari" kwa kufuata sauti ya neno la Kiingereza. Hilo ni kosa. Ambari ya Waswahili hutoka tumboni mwa nyangumi, huokotwa pwani, na hutiwa katika manukato. Yafaa ikumbukwe kwamba Kiingereza chenyewe kililipata neno hilo kutoka Kiarabu, ambako nako lilikuwa na maana ya kitu cha nyangumi. Baadaye Wazungu wakalihamishia kwenye utomvu. Mfasiri anayelirudisha leo kwa maana hiyo ya pili huwarudishia watu wa pwani mali yao ikiwa imebadilishwa.

Jina la haki ni kaharabu, nalo si geni: tasbihi za kaharabu zajulikana. Asili yake ni Kiajemi, na maana yake ni "kinyakuacho majani makavu", kwa kuwa kaharabu ikisuguliwa huvuta vitu vyepesi. Kutokana na sifa hiyo Waarabu waliita nguvu ya umeme kwa jina la kaharabu, na mataifa ya Ulaya yakaunda lao kutokana na jina la Kiyunani la kito hichohicho. Kiswahili kilishika njia nyingine: kilitazama mwako wa mbinguni wakati wa mvua, kikasema umeme. Wapo wanaodhani kwamba istilahi haina budi kufuata nyayo za lugha kubwa. Neno umeme, linalotumiwa kila siku na kila mtu, latosha kuwajibu.

Kosa la pili ni kuita sandarusi kaharabu. Sandarusi ni utomvu wa msandarusi, mti wa pwani yetu. Katika karne ya 19 ilichimbwa ardhini huko Mrima, ikauzwa Unguja, ikapelekwa hata Salem, Marekani, kutengenezwa vanishi. Wachimbaji walikuwa na istilahi zao: ile ambayo haijapevuka waliiita chakazi. Wafanyabiashara wa Kiingereza hawakulisikia vema, wakaligeuza likawa neno lao la punda, na likaandikwa hivyo katika biashara yao. Sandarusi haina umri wa mamilioni ya miaka, na ukiipaka spiriti hunata, jambo ambalo kaharabu hailifanyi kwa urahisi. Basi kuziita kwa jina moja ni kumdanganya mtazamaji juu ya umri wa dunia.

Huenda mtu akauliza: haya yamhusu nini mwalimu wa Karatu? Yamhusu sana. Kutoka Karatu barabara hupita lango la Lodoare, hupanda ukingo wa kasoko ya Ngorongoro, kisha huteremka hadi Bonde la Olduvai, penye makumbusho yaliyoanzishwa na Mary Leakey mwishoni mwa miaka ya 1970 na kujengwa upya mwaka 2017. Huko kilichohifadhi viumbe si utomvu, bali ni majivu ya volkano na matope ya ziwa la kale. Lakini swali la istilahi ni lilelile.

Wengi husema "mabaki ya kale" kwa kila kilichofukuliwa. Lakini tutazame nakala ya nyayo za Laetoli, zilizofukuliwa mwaka 1978 na zenye umri wa zaidi ya miaka milioni 3.6. Ni nini kilichobaki hapo? Hakuna mfupa wala ngozi. Aliyepita amekwenda na mwili wake wote. Unyayo si baki la mtu. Neno kisukuku, kwa upande mwingine, laweza kubeba mfupa uliogeuka jiwe, unyayo katika majivu na mdudu katika kaharabu, bila kudanganya juu ya chochote kati ya hivyo. Ndiyo maana twalitetea.

Jina Olduvai lenyewe ni onyo. Wamaasai huita oldupai mkonge wa porini uotao bondeni humo. Mjerumani Wilhelm Kattwinkel alipofika mwaka 1911, p ilisikika kama v, na sayansi ya dunia ikalikariri kosa. Chakazi na Oldupai zilipatwa na msiba mmoja: aliyeandika hakumwuliza anayejua.

Wanafunzi wengi wa Karatu na Ngorongoro wametoka katika nyumba zisemazo Kiiraqw, Kimaasai au Kidatoga. Kwao Kiswahili ni lugha ya shule, na neno wapewalo makumbushoni huenda likawa ndilo la kwanza na la mwisho kwa kitu hicho. Kwa hiyo twapendekeza: kaharabu, sandarusi na ambari zitenganishwe katika kila tafsiri, kisukuku kishike mahali pa "mabaki" panapohusika, Oldupai iandikwe kwanza na Olduvai ifuate, na visasili viwekwe kando ya maelezo ya sayansi, kila kimoja kikiitwa kwa jina lake. Kabla ya kuunda neno jipya, mfasiri na amwulize kwanza mchimbaji, mvuvi na mchungaji.