Harusi ya Gigabaiti Nne

Mafundi wa Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, hujulikana kwa mikono yao. Kuna anayebadilisha kioo, kuna anayechomea soketi ya chaji, kuna anayefufua simu iliyotumbukia kwenye ndoo. Kazi yao unaiona. Fundi ninayemzungumzia hapa anatumia kidole kimoja na macho, na ukipita haraka utadhani anachati. Simu ya mteja imelazwa juu ya kioo cha meza, chini ya feni ndogo, na mteja mwenyewe ameketi upande wa pili akiitazama. Ndiyo kanuni yake: simu haitoki machoni pa mwenye nayo.

Siku hiyo mteja ni mama wa makamo, amevaa mtandio wa kijani, na ana faili moja lililokataa kufunguka. Linaitwa harusi.mp4.

"Shikamoo, mama. Hili faili lilitoka wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Ni DVD ya harusi ya binti yangu, ya mwaka 2009. Mpwa wangu yuko Tanga, kaiingiza kwenye kompyuta, kaniwekea huko Google Drive. Nimelishusha usiku kucha."

"Lilikuja na jina hilihili?"

Hapana. Lilikuja likiitwa harusi.iso, na simu ikasema haina programu ya kulifungua. Kijana wa jirani akalibadilisha jina, akidhani ikiandikwa mp4 itakuwa video. Mwingine alishauri simu ifomatiwe. Mama hataki harusi nzima. Anataka nasaha alizotoa marehemu mumewe kwa bi harusi, azitume kwenye grupu la familia.

Nilitarajia fundi alirudishe jina la zamani papo hapo. Hakuligusa. Alifungua maelezo ya faili, akasoma ukubwa wake, kisha akafungua kikokotoo: 4,508,418,048 gawanya kwa 2048. Jibu likaja 2,201,376, bila baki. Akatikisa kichwa kukubali, akaendelea.

Hesabu hiyo fupi ina maana kubwa. Faili la ISO ni nakala ya diski nzima, kuanzia sehemu ya kwanza hadi ya mwisho, pamoja na nafasi tupu zilizomo. Data kwenye diski hizi imepangwa katika sekta, na kila sekta hubeba baiti 2048. Nakala iliyokamilika kwa hiyo lazima igawanyike kwa 2048 pasipo kubaki kitu. Bando likikatika njiani, mara nyingi mwisho wa faili huangukia katikati ya sekta, na kikokotoo kitaonyesha alama ya desimali. Fundi anajua hili kabla hajapakua programu yoyote, na kwa gharama ya sifuri.

Sasa anataka kujua faili ni la aina gani, na jina hawezi kuliamini. Anaweka Termux, programu inayompa mtu dirisha la kuandikia amri ndani ya Android, anairuhusu ione mafaili ya simu, kisha anaandika polepole, akirudia kusoma kila nafasi aliyoacha:

xxd -s 32768 -l 96 harusi.mp4

Anaiambia simu iruke baiti 32,768 za mwanzo na kuonyesha 96 zinazofuata. Namba hiyo imekaa kichwani mwake. Diski za mpangilio wa ISO 9660 huacha sekta 16 za mwanzo kwa matumizi ya mfumo wa kompyuta, na utambulisho wa diski huanzia baada ya hapo. Kumi na sita mara 2048 ni 32,768. Mistari sita ikatokea, na mwisho wa mstari wa kwanza, upande wa kulia, herufi zinazosomeka: CD001.

"Ni diski, mama," akasema. "Jina tu ndilo lilikosewa."

Kisha akanionyesha mstari wa mwisho, ambao mimi ningeupita:

00008050: 2097 2100 0021 9720

Kidole chake kikapita juu ya 20 97 21 00, kikarudi, kikapita juu ya 00 21 97 20. Namba ileile, imeandikwa mara mbili, ya pili ikiwa imegeuzwa. Ndiyo idadi ya sekta za diski: 2,201,376, sawasawa na jibu la kikokotoo. Mpangilio huu ulitokana na kazi ya kikundi cha watu wa kampuni za kompyuta waliokutana mwaka 1985 katika hoteli ya High Sierra, Lake Tahoe, Marekani, na ukawa kanuni ya kimataifa mwaka 1988. Enzi hizo baadhi ya kompyuta zilisoma namba kuanzia baiti ndogo na nyingine kuanzia baiti kubwa. Wale waungwana hawakutaka kumlazimisha mtu. Waliamua namba muhimu ziandikwe kwa namna zote mbili, kila kompyuta ichukue yake. Simu ya mama, iliyotengenezwa miaka mingi baadaye, inachukua yake bila taabu.

Alikuwa na kitu kimoja zaidi cha kuangalia, na nadhani hiki alikifanya kwa kupenda tu. Akaruka hadi baiti ya 33,581, mahali panapoandikwa tarehe ya kutengenezwa kwa diski. Ikasomeka 2009082719420700, ikifuatiwa na baiti moja yenye thamani ya 12. Mwaka 2009, mwezi wa nane, tarehe 27, saa 1:42 usiku na sekunde saba. Ile 12 ni robo saa kumi na mbili, yaani saa tatu mbele ya Greenwich: saa za Afrika Mashariki. Mama akahesabu kwa vidole. Harusi ilikuwa katikati ya Agosti, Ramadhani ikaanza siku chache baadaye. "Basi yule mpiga picha kaimaliza baada ya kufuturu," akasema.

Hapo ndipo jina lilirudishwa kuwa harusi.iso.

Kwenye kompyuta ya Windows, tangu toleo la 8, kufungua ISO ni kubofya mara mbili. Inajitokeza kama diski iliyoingizwa sasa hivi. Android haimruhusu mtumiaji wa kawaida kulipachika faili namna hiyo. Wapo mafundi ambao hapa huiruti simu ili wapate mamlaka yote. Huyu hafanyi hivyo kwa simu ya mteja. Ukiiruti, ulinzi wake hulegea, na baadhi ya programu za benki hugoma kufanya kazi. Anachagua njia ndefu: kulisoma faili kama lilivyo, na kutoa ndani yake kile tu kinachohitajika.

Nafasi kwenye simu ni gigabaiti sita. Mama alikuwa amejaribu kuhamishia faili kwenye memori kadi likakataa, ingawa kadi ilikuwa karibu tupu. Fundi hakushangaa. Kadi imefomatiwa kwa FAT32, na FAT32 haipokei faili moja lenye kufikia gigabaiti nne, hata kadi iwe tupu namna gani. Kuifomati upya kungemaliza tatizo hilo na kufuta picha zote za wajukuu. Kadi ikaachwa.

Akafungua VLC, ambayo kwenye Android inaweza kucheza ISO ya DVD moja kwa moja. Ikatokea menyu ya maua mekundu na majina ya maharusi kwa herufi za dhahabu. Wengi wangeishia hapa, na kwa mtu anayetaka kutazama tu, inatosha kabisa. Fundi aliitumia VLC kama ramani. Alisogeza hadi mzee mwenye kanzu na koti alipoinuka na kushika maikrofoni, akaandika kwenye karatasi: 54. Akasogeza hadi aliporudi kuketi: 61. Sauti aliipunguza hadi mwisho, nikadhani ni kwa sababu ya kelele za jirani. Mama alikuwa ametazama pembeni.

Amri iliyofuata, 7z l, inaorodhesha yaliyomo ndani ya ISO bila kutoa kitu. Folda mbili: AUDIO_TS, tupu kama ilivyo kawaida kwa DVD za video, na VIDEO_TS. Ndani ya hiyo ya pili kuna mafaili madogo ya IFO yanayobeba mpangilio, nakala zake za akiba zenye mkia wa BUP, na VOB zenye picha na sauti, kuanzia VTS_01_1 hadi VTS_01_5. Nne za kwanza zina ukubwa uleule, kila moja chini kidogo ya gigabaiti moja. Ya tano ni kipande kilichobaki.

Hapa ndipo uzoefu unapomtofautisha na aliyejifunza jana. VOB hukatwa kwa ukubwa. Ikijaa inafungwa, na inayofuata inaanza, hata mtu akiwa katikati ya neno. Fundi akapiga hesabu kwenye karatasi ileile: saa mbili za video, kila VOB kubwa inachukua kama dakika 28 na nusu, kwa hiyo ya pili inaishia karibu na dakika ya 57. Nasaha zinaanza ya 54 na kuisha ya 61. Zimegawanyika. Angetoa VOB ya tatu peke yake, mama angepata baba anayeanza kuzungumza katikati ya sentensi. Akatoa mbili, ya 2 na ya 3, nyingine akaziacha ndani ya ISO.

Zikachukua gigabaiti mbili na ushei. Kuziunga kuwa faili moja jipya kungekula nyingine mbili. Badala yake aliandika amri inayozisoma moja baada ya nyingine na kuzimimina moja kwa moja kwenye ffmpeg, programu ya kugeuza video, pasipo kuweka kitu katikati. VOB za mfululizo mmoja huruhusu hilo, kwa sababu zilikuwa mkondo mmoja kabla ya kukatwa.

Aliongeza neno moja kwenye amri: yadif. DVD zetu zilitengenezwa kwa mfumo wa PAL, picha 25 kwa sekunde, mistari 576, na mara nyingi kila picha ya kamera za wakati ule ilikuwa nusu mbili: mistari ya witiri kwanza, ya shufwa baadaye, au kinyume chake. Televisheni za kizamani zilipenda hivyo. Kwenye kioo cha simu, mtu akipunga mkono, kingo za mkono zinatoka vijino. Yadif huzisawazisha nusu hizo. Mteja asingejua kama neno hilo limeachwa. Angeona tu kwamba video "si safi" na kulaumu DVD.

Kabla ya kubonyeza, akaizuia simu isilale, maana Android hupenda kuua kazi ndefu kioo kikizimika. Akalivua kava ili joto litoke, akaigeuzia feni. Kisha akasubiri. Kwa kuwa data inamiminwa, programu haiwezi kurukia mahali panapotakiwa. Inapita kwanza dakika 25 za matarumbeta, vigelegele na wali kugawiwa. Namba zikapanda polepole kwenye kioo cheusi. Wateja wengine walikuja, akawahudumia bila kuigusa simu ile. Hakufungua programu nyingine juu yake na hakubonyeza kitu kuona kama imekwama. Kila baada ya muda aliweka kiganja mgongoni mwa simu, akakiondoa.

Lilipotoka faili la megabaiti hamsini hivi, alitazama sehemu tatu tu: mwanzo, mwisho, na mahali VOB mbili zilipoungana. Hapo pa muungano alirudia, simu sikioni, kusikia kama neno limerukwa. Halikurukwa. Mzee anasema "mwanangu" na sentensi inaendelea mpaka nukta yake.

Akampa mama simu. Alipokuwa anatazama, fundi alimwomba namba ya mpwa, akampigia kwa simu yake mwenyewe. Kuna jambo kikokotoo hakiwezi kuonyesha: faili linaweza kuwa na urefu kamili na bado likawa limeharibika ndani. Akaendesha sha256sum, inayolifinyanga faili zima kuwa herufi na tarakimu 64. Baiti moja ikibadilika, jibu lote linabadilika. Mpwa akafanya hivyohivyo kwenye kompyuta yake huko Tanga. Wakasomeana, nne nne, hadi mwisho. Zikalingana.

Ndipo akafuta VOB mbili alizozitoa, akaondoa Termux, na kuliacha harusi.iso lilivyokuwa. Malipo aliyotaka yalikuwa chini ya bei ya kubadilisha kioo, jambo ambalo kwangu si haki, lakini Kariakoo hulipa kinachoonekana.

Msomaji mwenye DVD za namna hii kabatini: rangi inayobeba data kwenye diski za kuchoma hufifia kwa joto na mwanga, na joto letu unalijua. Mpe mtu mwenye kompyuta azinakili mapema, na umwombe akupe ISO nzima pamoja na namba yake ya sha256. Jina la faili mwambie aliache kama lilivyo.