Visa vya Kumtukuza Mtu Mweusi: Iko Wapi Sanad Yake?

 Vijana wa Buganguzi, wilayani Muleba, wametutaka tuseme neno juu ya visa vinavyosimuliwa misikitini na majumbani kwa nia ya kumrudishia mtu mweusi heshima yake. Nia ni njema, wala hatuna ugomvi nayo. Maneno yetu ni juu ya visa vyenyewe.

Kinachopendwa zaidi ni kile cha Bilal bin Rabah (r.a.). Tulikisikia kwa mhadhiri mmoja, na watu wakalia. Kwamba ulimi wa Bilal haukuiweza herufi ya shin, akiitamka sin. Watu wakalalamika, akaondolewa katika kuadhini, na alfajiri ile jua likakataa kuchomoza mpaka aliporudishwa. Kisa kitamu, lakini al-Hafidh al-Mizzi na mwanafunzi wake Ibn Kathir walikwisha bainisha kuwa habari hiyo ya sin ya Bilal haina asili, na as-Sakhawi akaitaja katika al-Maqasid al-Hasana kwa tahadhari hiyo hiyo. Hilo la jua ni nyongeza juu ya kisicho na msingi.

Baadhi ya ndugu hutujibu: "Sheikh, lakini kinamtukuza!" Hapo ndipo tunapokataa. Kisa hiki kinamtukuza Bilal kwa kumtia kwanza kilema cha ulimi, kisha kinamtaka Mola amfidie. Msikilizaji anatoka msikitini akiamini kuwa Mwafrika hawezi Kiarabu ila huonewa huruma. Linganisha na yaliyothibiti. Abdullah bin Zaid (r.a.) alipooteshwa maneno ya adhana, Mtume (s.a.w.) alimwamuru amfundishe Bilal, kwa kuwa sauti ya Bilal ilikuwa bora na yenye kufika mbali kuliko yake. Riwaya hii imo katika Sunan ya Abu Dawud. Bilal alichaguliwa kwa kuwa ndiye aliyeiweza kazi. Kwa nini tuliache hili tushike lile?

Wanazuoni wetu hawakuinyamazia maudhui hii. Al-Jahiz aliandika risala nzima ya fahari ya weusi katika karne ya 3 Hijria. Baadaye Imam Ibn al-Jawzi (aliyefariki mwaka 597 H, sawa na 1201 M) aliandika Tanwir al-Ghabash juu ya fadhila za watu weusi na Wahabeshi. Na huyu huyu ndiye aliyeandika kitabu cha kuwakosoa wasimulizi wa visa, al-Qussas wal-Mudhakkirin. Mtu mmoja, kalamu mbili! Kuwapenda weusi hakukumfanya alegeze mizani ya riwaya. Na ile hadithi kuwa weusi wa ngozi ulitokana na laana ya Nabii Nuh (a.s.) kwa mwanawe Hamu, aliikataa kuwa haikuthibiti. Ahmad Baba wa Timbuktu naye akaipinga mwaka 1615 katika fatwa yake maarufu juu ya utumwa.

Msomaji wa Muleba asidhani hayo ni ya mbali. Mzungu Speke alipofika Karagwe mwaka 1861 na kumkuta Mfalme Rumanyika, aliona utawala uliopangika akashindwa kuamini kuwa ni wa weusi. Katika kitabu chake cha mwaka 1863 akadai kuwa watawala wa eneo hili asili yao ni Uhabeshi. Wengine wakaijenga nadharia ya "Wahamu" juu ya dai hilo, na Bahinda, waliotawala Karagwe na Ihangiro yetu hii, wakasimuliwa kama wageni katika nchi yao. Kisa bila sanad kiliwanyang'anya watu babu zao.

Sasa tazama upande wa pili. Wazee wa Katuruka, karibu na Maruku huko Bukoba, walikuwa wakisimulia habari za Mfalme Rugomora Mahe, uhunzi, na mti uitwao Kaiija. Mwanaakiolojia Peter Schmidt aliwasikiliza, akachimba pale walipoonyesha, akakuta mabaki ya uhunzi wa zaidi ya miaka 2000. Masimulizi ya wazee yakashuhudiwa na ardhi. (Wanasimulia pia kuwa mfalme huyo alijenga mnara wa chuma uifikie mbingu, nao ukaanguka, ajuaye Surat al-Qasas atamkumbuka Firauni na amri yake kwa Hamana.) Mwaka 1978 Schmidt na Avery walichapisha utafiti juu ya ufundi wa hali ya juu wa wahunzi wa Kihaya, na tangu hapo wako wanaotangaza kuwa Mhaya ndiye aliyetangulia dunia nzima katika chuma cha pua. Utafiti haukusema hivyo, na hata maelezo yake ya namna hewa ilivyopashwa moto katika tanuri yamepingwa na wataalamu wengine. Miaka 2000 ya uhunzi inatosha. Ya nini kuongeza?

Imebaki enanga. Mwaka 1970 Ruth Finnegan aliandika kuwa utendi si sanaa ya kawaida Afrika. Profesa Mulokozi akamjibu kwa tendi za Bahaya wenyewe, zikiwemo Rukiza na Kachwenyanja. Kazi kubwa. Lakini kijana wa Buganguzi anauliza: je, nimsikilize babu? Tunasema, khitilafu ya wanazuoni juu ya ala za nyuzi inajulikana, na wengi wao wamezizuia. Maneno yanaweza kuchukuliwa bila nyuzi. Yanayompa Mugasha mamlaka ya ziwa na Wamara mamlaka ya roho za wafu ni shirki, na husimuliwa kama yalivyosimuliwa masanamu ya kaumu Nuh: ijulikane ilikuwaje, asiitakidi mtu. Habari za vita, njaa, ndoa na wafalme, asili yake ni ruhusa.

Ukimwi, ambao wagonjwa wake wa kwanza nchini waliripotiwa Kagera mwaka 1983, uliondoka na wengi waliokuwa wapokee visa hivyo. Basi kijana achukue daftari, amwendee babu baada ya Alasiri, na kabla ya kisa chenyewe aandike: fulani amenisimulia, naye alisikia kwa fulani, mahali fulani.