Hesabu Iliyofichwa Katika Majina ya Kemia

Katika vitabu vya shule twakuta majina kama kabonimonoksaidi na kabonidayoksaidi, wala watungaji wengi hawasemi kwamba ndani yake mna hesabu. Naona kosa hili si dogo. *Mono* kwa Kiyunani ni moja, na *di* ni mbili. Basi jina la kwanza lataja hewa ambayo kila kaboni imeshikana na oksijeni moja, na la pili oksijeni mbili. Hii ya pili twaitoa kila tupumuapo. Ile ya kwanza haina rangi wala harufu, nayo huua watu waliolala na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa. Mwanafunzi asiyeelezwa hesabu hiyo atashika nini, ila sauti tupu? Na sauti yenyewe imegeuzwa: *di* ilipita kinywani mwa Waingereza ikawa *dai*, nasi tukaandika kama tulivyosikia.

Hata hivyo, asidhani mtu kwamba hesabu ya wanakemia ni safi. Tazama majina ya jamii ya petroli: pentani ina kaboni 5, heksani 6, heptani 7, oktani 8, zote kwa Kiyunani. Kisha yaja nonani, yenye 9, nayo ni ya Kilatini. *Ennea* ya Wayunani imeachwa nje. Butani, yenye 4, haina hesabu kabisa, maana jina lake latokana na siagi! Lakini sisi tusicheke. Sita, saba na tisa zetu ni za Kiarabu, na nane ya Kibantu imekaa katikati yao kama mwenyeji aliyezungukwa na wageni. Kenda, iliyokuwa tisa yetu, sasa yasikika kwa nadra.

Ugumu wa kweli u katika sarufi. Mwanzo wa jina la Kiswahili ni mahali pa ngeli, si pa hesabu. Hesabu hufuata nyuma: vitu viwili, Jumatatu, Jumanne. Kwa hiyo sikio letu halitafuti idadi mbele ya neno. Mimi ningependelea kuandika kaboni-oksidi-moja na kaboni-oksidi-mbili, kwa mfano ule ule wa Jumatatu. Wako watakaosema kwamba mitihani yataka majina ya kigeni. Na yabaki, lakini mtungaji ayafasiri mara ya kwanza ayatajapo, katika ukurasa ule ule.