Ndizi, Ulezi na Msesewa

Punje kavu ya nafaka imejaa wanga, na chachu haili wanga. Inataka sukari. Ndiyo sababu wapika bia, tangu Wasumeri wa kale hadi viwanda vya leo, huloweka shayiri, wakaiacha ichipue, kisha wakaikausha kabla haijawa mche. Mbegu inapoamka, vimeng'enya vyake huanza kuukata wanga uwe sukari, na hapo kimea kimepatikana. Wachagga wa Kilimanjaro hufanya hivyo hivyo kwa ulezi. Lakini mbege yao, pombe ya ndizi na ulezi, ina njia ya pili ambayo mpikaji wa bia wa Plzeň kule Ucheki hakuihitaji: mgomba.

Ndizi mbichi nayo ni wanga. Ikiiva, imejigeuza sukari bila kusagwa wala kulowekwa. Kwa hiyo ndani ya mbege kuna safari mbili zinazokwenda kwa mwendo tofauti, na ustadi wote wa mama anayeipika ni kuzikutanisha siku moja.

Anaanza na ndizi. Ndizi za mchare haziguswi, hizo ni za chakula. Zinachaguliwa ndizi za pombe, zinavundikwa mpaka ziive sawasawa. Moja ikibaki ngumu, wanga wake haujageuka. Zikishamenywa zinaingia kwenye chungu kikubwa, au siku hizi pipa, zikachemka kwa saa nyingi huku zikikorogwa kwa mwiko mrefu. Hapa ndipo mvivu hujulikana. Kuni zikizidi, chini kunaungua na ladha ya moshi haitoki tena. Zikipungua, mchuzi unabaki na rangi hafifu badala ya kuiva ukawa mwekundu wa kahawia. Hakuna kipimajoto. Kuna macho, pua, na uzito wa mwiko mkononi.

Rojo hilo likipoa huachwa lichachuke kwa siku kadhaa. Mpikaji mzuri hulitembelea kama mzazi mwenye mtoto mgonjwa: anafunua kidogo, anasikiliza mapovu, ananusa, anafunika. Chachu hakuinunua. Ilikuwa kwenye ndizi, kwenye chombo kilichopikiwa pombe mara nyingi, na hewani. Karibu na Brussels wapo wanaotengeneza bia ya lambiki kwa imani hiyo hiyo. Huacha mchuzi wa nafaka wazi usiku kucha ili chachu ya mwitu iingie, na chupa zao huuzwa kwa bei ya mvinyo. Sioni kwa nini sifa ziishie kwao.

Wakati ndizi zinachachuka, ulezi unashughulikiwa. Ni punje ndogo mno, kazi ya kuudhi. Zinalowekwa, zinatandazwa, zinafunikwa zisikauke, na zinageuzwa zisipate ukungu. Vimizizi vyeupe vikionekana, saa imeanza kuhesabu: mche ukirefuka unakula sukari ile ile tunayoitaka sisi. Zinaanikwa, zinasagwa. Unga ukikorogwa na maji na moto ukapandishwa polepole, vimeng'enya hupata nafasi ya kumaliza kazi kabla uji haujachemka. Haraka ya jiko inaviua.

Halafu msesewa. Ni gome la mti, chungu kweli kweli, na kidogo chake kinatosha kuushika utamu wa ndizi usichoshe ulimi. Ulaya kazi hiyo hufanywa na maua ya hopsi. Sheria maarufu ya Bavaria ya mwaka 1516 iliruhusu bia ya shayiri, hopsi na maji tu. Kwa kipimo hicho mbege isingeitwa bia. Lakini sheria hiyo haikutaja hata chachu; wakati huo hakuna aliyejua kwamba ni kiumbe hai. Baadaye sana mwanasayansi Louis Pasteur alichapisha kitabu chake kuhusu bia mwaka 1876, na mwaka 1883 Emil Christian Hansen, katika maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg, akafanikiwa kuotesha chachu safi ya aina moja. Bia ya kiwandani ikaacha kubahatisha. Ikaacha pia kubadilika.

Mbege inabadilika. Maji ya ndizi yaliyochujwa yakishakutana na uji wa ulezi, mchanganyiko unalala, na kesho yake unanyweka: mzito, mchachu kidogo, wenye utamu nyuma na uchungu mwishoni, chengachenga za ulezi zikielea katika kata. Kileo chake si kikali. Keshokutwa ni mkali zaidi na mchachu zaidi. Wazee wengine huisubiri siku hiyo, wengine huikimbia. Arusha kuna mvinyo wa ndizi wa chupa, safi na wenye lebo, nao una wanywaji wake. Mbege halisi ukiiziba hivyo ingali inachachuka, hewa inajaa na kizibo kinaruka. Anayeitaka hana budi kuifuata mlimani, siku ambayo mpikaji amesema iko tayari.